Vifaa vya Tiba Vilivyochakaa: Somo la Sayansi kwa Darasa la Tano

Mwanachuo apelekwaye kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Rulenge, ziwe za upande wa Ngara au za upande wa Biharamulo, huagizwa na wakufunzi wake atumie vitu vya mazingira kuwa zana. Agizo hilo ni jema. Chupa, mikebe, vizibo na vijiti vimefundisha hesabu na sayansi katika nchi hii kwa miaka mingi, wala hakuna duka la zana liwezalo kuvishinda kwa bei. Lakini mazingira ya shule nyingi za vijijini yana zahanati jirani, na zahanati ina shimo la taka. Na ndani ya shimo hilo, au pembeni mwake palipovunjika ukuta, mna vitu ambavyo mtoto huviona kuwa mali: bomba la sindano, mpira wa dripu, chupa yenye kizibo cha mpira. Katika vituo vikubwa zaidi kuna na chumba cha nyuma, kilichofungwa kwa kufuli au kilichokosa mlango, ambamo vimerundikwa vitanda visivyo na magurudumu, jokofu la mafuta ya taa lililokufa, mizani isiyopima, mashine ya shinikizo la damu iliyopasuka kioo. Mwalimu asiyejua kipi kati ya hivyo ni zana na kipi ni sumu atavileta darasani vyote viwili.

Makala hii yakusudia kumtayarisha mwanachuo afundishe habari hizo katika vipindi viwili vya darasa la tano. Hatutoi andalio kamili la somo, kwani andalio la kunakili halijapata kumfundisha mtu kufundisha. Tutaeleza yale ambayo mwalimu sharti ayajue kabla ya kuingia darasani, kisha tutaonyesha njia tuliyoiona inafaa.

Taka hizi zilivyoanza

Babu na bibi za wanafunzi wetu wanalikumbuka bomba la sindano la kioo. Lilichemshwa pamoja na sindano yake, likatumiwa, likaoshwa, likachemshwa tena, na sindano iliyofifia ncha ilinolewa. Zahanati ya miaka ya 1970 kwa hiyo haikuwa na taka nyingi za kutupa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, ilitia mkazo katika vyoo, maji na usafi wa makazi. Adui aliyesakwa alikuwa nyumbani na kisimani.

Mambo yalibadilika ulipokuja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu wa Kagera mwaka 1983, na watu wa huku hawakuhitaji kuhubiriwa juu ya hatari ya damu. Bomba la kioo lililochemshwa kwa haraka lilionekana wazi kuwa njia ya kupitisha maradhi. Mahali pake likaja bomba la plastiki la kutumiwa mara moja, na mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA yalitoa tamko la pamoja la kuhimiza chanjo zote zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika. Sababu zilikuwa kubwa: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2000 peke yake sindano zisizo salama ziliwaambukiza watu milioni 21 homa ya ini aina ya B, na watu 260,000 virusi vya UKIMWI, ulimwenguni kote.

Tunasimulia haya kwa kusudi. Si haki mwalimu amfanye mwanafunzi aone kwamba plastiki ile ni ujinga wa wauguzi. Bomba la kutupwa liliokoa maisha. Ila lilileta kazi mpya, nayo ni kutupa vizuri, na kazi hiyo haikupewa fungu lake la fedha kama lilivyopewa bomba lenyewe.

Vitu ambavyo mwalimu hana budi kuvijua

Tuanze na bomba la sindano, kwa sababu ndilo linalotuhusu sisi walimu wenyewe. Vitabu vya sayansi hueleza majaribio ya kanieneo la hewa na la maji kwa kutumia mabomba mawili yaliyounganishwa kwa mpira. Ni majaribio mazuri sana. Mwanachuo asiye na fedha huenda zahanati kuomba mabomba yaliyokwisha tumika, naye muuguzi mwenye huruma humpa. Wote wawili wamekosea. Bomba lililogusa damu lisiingie darasani hata likioshwa kwa sabuni na kuchemshwa; mwalimu hana kifaa cha kuthibitisha kwamba limetakata. Lakini liko bomba jingine ambalo laweza kuombwa bila hofu, nalo ni lile lililopita muda wake likiwa bado katika kifuko chake kisichofunguliwa. Tarehe iliyochapwa juu ya kifuko yahusu utakaso. Plastiki yenyewe haijaharibika. Kwa mgonjwa halifai, kwa somo la kanieneo lafaa kabisa, mradi sindano iondolewe na ibaki zahanati katika kasha lake la usalama. Kwa kweli tofauti kati ya mabomba haya mawili ndiyo kiini cha somo zima. Kifaa chaweza kuwa kimekwisha kwa kazi moja na kikawa kizima kwa kazi nyingine, na mwenye kuamua ni yule ajuaye kilikopita.

Mtoto aliyechomwa na sindano iliyookotwa aoshwe mahali palipochomwa kwa maji mengi na sabuni. Jeraha lisifyonzwe, wala lisikamuliwe, wala lisipakwe majivu. Apelekwe kituo cha afya siku ile ile, kwani dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haina budi kuanzwa ndani ya saa 72, na ikianzwa katika saa za mwanzo ni bora zaidi. Mwalimu ayakariri maneno haya kama anavyokariri majina ya wanafunzi wake.

Zebaki yataka maelezo marefu zaidi, hasa huku kwetu. Kipimajoto cha kioo cha mtindo wa zamani kina zebaki ya gramu moja hivi. Mashine ya zamani ya kupima shinikizo la damu, ile yenye safu ya fedha inayopanda katika bomba la kioo, ina zebaki inayokaribia gramu 100, na nyingine huzidi. Katika sehemu nyingine za dunia mtoto akiona zebaki huiona kuwa mchezo: inakimbia, inagawanyika, inaungana. Mtoto wa Biharamulo mwenye kaka machimboni huona fedha. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huichanganya zebaki na mchanga uliosagwa ili inase chembe za dhahabu, kisha huichoma ikatoka kwa mvuke. Kwa hiyo zebaki ina bei, na mashine ya presha iliyotupwa nyuma ya zahanati ina mnunuzi. Mvuke huo huingia mapafuni bila harufu wala maumivu, hudhuru ubongo na figo, na kwa mama mja mzito humfikia mtoto aliye tumboni. Zebaki iliyomwagwa ikasombwa mpaka mtoni au ziwani hugeuzwa na vijidudu vya matopeni kuwa sumu kali zaidi, ambayo hujikusanya ndani ya samaki.

Ulimwengu ulijifunza jambo hilo katika mji wa Minamata nchini Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba, na wavuvi na watoto wao wakapooza. Maradhi yenyewe yalitangazwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Kwa mkataba huo mwaka 2020 uliwekwa kuwa ukomo wa kutengeneza na kuuza kati ya nchi na nchi vipimajoto na mashine za presha zenye zebaki, na Tanzania iliuridhia mwaka huo huo wa 2020. Kinachosahauliwa ni hiki: mkataba ukizuia kuingiza kifaa, kile kilichomo kabatini hakitoweki. Kinatolewa kabatini, kinapata mwenzake wa betri, nacho kinawekwa mahali fulani. Mahali gani? Swali hilo mwalimu aliache wazi mbele ya darasa kwa muda, kabla ya kulijibu.

Zebaki ikimwagika darasani au nyumbani, watoto watoke na madirisha yafunguliwe. Ufagio usitumike, kwa maana hugawanya matone kuwa mengi madogo zaidi na kuyatia nyufani. Mtu mzima avue pete, kwani zebaki hula dhahabu, avae mifuko ya plastiki mikononi, asukume matone kwa kadi mbili za karatasi ngumu mpaka yaungane, ayaingize katika chupa yenye maji kidogo, na vipande vidogo avinase kwa plasta yenye gundi. Chupa ifungwe, iandikwe ZEBAKI, ipelekwe kwa mganga. Isimwagwe chooni.

Risasi, yaani madini yale mazito ya kijivu, imo katika betri za umeme wa jua zilizoendeshea majokofu ya chanjo na taa za wodini. Majokofu mapya ya jua hufanya kazi bila betri, hivyo betri za zamani zinazidi kuondolewa. Betri iliyokufa haikosi mteja, maana risasi yake huyeyushwa. Kwamba urejelezaji wenyewe waweza kuua usipofanywa kwa kanuni, majirani zetu wa Kenya wameliona. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014, na moshi na maji yake vikawatia sumu wakazi, watoto wakiwamo. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mchanga alikutwa na risasi mwilini, aliongoza madai ya wakazi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo mwaka 2024. Mfano huu wafaa kutajwa kwa sababu unamwonya mwalimu asifundishe kwamba neno "kurejeleza" ni jema kwa lenyewe. Betri ya asidi isivunjwe na fundi wa kijiji, wala risasi yake isiyeyushwe katika sufuria kwa ajili ya kutengeneza vizamishio vya nyavu.

Jokofu la mafuta ya taa tutalipita haraka: mabomba yake yana amonia, ambayo hupofusha macho bomba likikatwa kwa msumeno, na kemikali ya kuzuia kutu iliyo sumu. Fundi asilikate. Mtungi wa oksijeni nao usipigwe nyundo wala kupakwa grisi.

Kuhusu eksirei kuna hofu nyingi isiyo na msingi, na msingi mwingi usio na hofu. Mashine ya eksirei hutoa mionzi pale tu inapopitiwa na umeme. Ikizimwa imezimika kama taa. Haiachi mionzi ukutani, wala mashine iliyokufa miaka kumi haimchomi mtu kwa mionzi. Hatari ya mashine hiyo imo katika vitu vyake vingine: risasi iliyozungushiwa, na mafuta ya transfoma, ambayo katika mashine kuukuu huenda yakawa na kemikali zinazodumu mwilini na kusababisha saratani. Mafuta hayo yasitumiwe kukaangia, kupakia ngozi wala kulainishia baiskeli. Picha za eksirei nazo zina fedha halisi, ndiyo sababu hospitali huweza kuzikusanya na kuziuza kwa wenye kuirejesha fedha hiyo. Na tuongeze hili kwa mabano: tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na watu wakasafiri mpaka Rujewa mkoani Mbeya kuiona pete ya moto, picha za eksirei zilionwa na wengi kuwa miwani ya kufaa. Hazifai. Miale isiyoonekana hupenya, na kiwambo cha jicho huungua bila kuuma.

Mji wa Goiânia

Iko aina ya pili ya mashine, ambayo haizimiki. Ni ile ya kutibu saratani kwa mionzi, ambayo ndani yake mmefungwa madini yanayotoa mionzi mchana na usiku, iwe kuna umeme au hakuna. Hospitali zetu za wilaya hazina mashine za namna hiyo. Hata hivyo twamshauri mwalimu asimulie kisa cha Goiânia nchini Brazili, kwa sababu hakuna kisa kingine kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi kifaa kilichotupwa kinavyosafiri kutoka mkono hadi mkono, kila mkono ukiwa na nia njema.

Zahanati moja ya mionzi ilihama jengo lake na kuiacha nyuma mashine ya kutibia saratani. Mnamo Septemba 1987 watu wawili waliingia katika magofu wakaling'oa kasha lake zito, wakitumaini bei ya chuma. Walianza kutapika, wakadhani ni chakula. Kasha liliuzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Usiku aliona mwanga wa buluu ukitoka ndani yake, akaupenda, akawaita jamaa na marafiki waje kuutazama, na wengine wakapewa punje zake wachukue nyumbani. Ilikuwa chumvi ya sesiamu, isiyofika gramu 100. Msichana wa miaka sita aliichezea sakafuni, akala chakula kwa mikono ile ile. Mke wa mnunuzi ndiye aliyetambua kwamba watu wote waliozunguka kitu kile wanaugua. Alitia mabaki katika mfuko, akapanda basi, akaupeleka mfuko kwa daktari. Watu wanne walikufa, mama huyo na msichana yule wakiwamo. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa katika uwanja wa mpira, na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi. Nyumba zilibomolewa, na udongo wake ukachotwa ukazikwa.

Darasani wanafunzi watauliza, na kama hawakuuliza mwalimu aulize: mama yule alitenda vyema au vibaya? Tumeona mjadala huu ukichukua dakika kumi na tano bila mtu kuchoka. Alitenda vyema kuliko wataalamu wote, kwa kuwa aliziunganisha dalili na chanzo chake. Alikosea katika kubeba. Wanafunzi wakifika hapo wenyewe, wamepata kanuni ya kutobeba, nayo haitawatoka.

Mwalimu achore ubaoni alama mbili za mionzi: ile ya mapanga matatu yaliyoizunguka nukta, na ile ya pembetatu nyekundu yenye mapanga, fuvu na mtu anayekimbia, iliyotolewa mwaka 2007 kwa ajili ya watu wasioweza kusoma alama ya kwanza. Akumbuke kuwaambia kwamba pale Goiânia hakuna aliyetambua alama yoyote. Nchini mwetu anayeshughulikia vitu hivyo ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo ina ghala la kuhifadhia taka za mionzi Arusha.

Zawadi

Sehemu kubwa ya vifaa vilivyomo katika vyumba vya nyuma ililetwa kwa wema. Ngara na Biharamulo ni nchi ya hospitali za misheni, za Kikatoliki na za Kianglikana, na misheni zina rafiki ng'ambo. Tena mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia mauaji ya Rwanda. Kambi ya Benaco ikawa mji, na mashirika ya misaada yakaja na mahema, vitanda, majenereta na zahanati nzima. Wakimbizi wa Rwanda walirejea Desemba 1996, na wale wa Burundi wa kambi ya Lukole wakaondoka mpaka kambi ilipofungwa mwaka 2008. Watu huondoka wakiwa na miguu yao. Kitanda, friji na jenereta havina miguu.

Mwaka 2011 watafiti Lora Perry na Robert Malkin walichapisha hesabu ya vifaa vya tiba zaidi ya 112,000 vya nchi 16 zenye uwezo mdogo; karibu asilimia 38 vilikuwa havifanyi kazi. Sababu zake si za ajabu. Mashine ya Marekani hutaka umeme wa volti 110, nasi tuna volti 230. Kitabu cha maelezo kimeandikwa kwa lugha asiyoijua mtu. Kipuri kimoja kidogo hakipatikani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya vifaa hivyo mwaka 2000, likaurudia mwaka 2011, na maana yake kwa ufupi ni kwamba mpokeaji aulizwe kwanza, tena anayo ruhusa ya kukataa. Nayo Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unakataza kuingiza taka za hatari barani Afrika. Lakini mashine iliyokufa ikipewa jina la zawadi, ni vigumu kwa afisa wa bandari kuitambua, na ni vigumu zaidi kwa mpokeaji kuikataa. Kwetu mgeni akileta kitu hakirudishwi mlangoni. Mwalimu na awe mwangalifu hapa: watoto wengi wamezaliwa katika wodi zenye vitanda vya msaada, wala hatutaki waondoke darasani wakiwadharau waliovileta.

Kipindi cha kwanza

Kitu halisi kisiletwe darasani ila kile bomba lisilofunguliwa. Wanafunzi watumie picha wanazochora wenyewe juu ya vipande vya makasha: kitanda, godoro, mizani ya kupimia watoto, hadubini, bomba la sindano, kipimajoto, betri, jokofu, mashine ya presha, picha ya eksirei, mtungi wa oksijeni. Kila kikundi kipewe picha zote, kizipange katika mafungu kadiri kionavyo, kisha kiyape mafungu hayo majina. Mwalimu asitoe majina ya mafungu mapema. Kikundi kimoja kilichofundishwa na wanachuo wetu kilipanga kwa chuma na kisicho chuma, na kingine kwa "vya kuuza" na "vya kuogopa", jambo lililokuwa karibu zaidi na ukweli wa maisha kuliko mafungu ya kitabu chochote. Baada ya hapo ndipo aulize: kipi chaweza kutengenezwa? Kipi, kisipotengenezeka, chaweza kutoa vipuri? Kipi chaweza kupewa shule? Kipi kisiguswe na mtu yeyote ila mtaalamu?

Ubishi utatokea juu ya kitanda. Chuma chake chaweza kuoshwa kwa maji ya sabuni na dawa ya klorini, kikapakwa rangi na kutumika bwenini. Godoro lake haliwezi, kwa kuwa limenyonya. Hapo mtoto mmoja hakosi kusema kwamba hata chuma kisichukuliwe, maana mtu amefia juu yake. Mwalimu asicheke, wala asiliite jambo hilo ushirikina mbele ya wenzake. Aseme kwamba yako mambo mawili: vijidudu, ambavyo klorini huviua, na heshima ya marehemu, ambayo kila ukoo una desturi yake, somo la sayansi lina jibu kwa lile la kwanza tu. Mizani na hadubini havina ubishi. Shule nyingi zingefurahi kupata mizani ya kuning'iniza, hata ikiwa inakosea kwa gramu 200, kwani kosa lisilobadilika ni somo zuri la hesabu.

Kipindi cha pili

Kipindi hiki kifanyike nje, lakini si kwenye shimo la zahanati. Nchi ya Ngara ni ya vilima: majengo hukaa juu, chemchemi hutoka bondeni, na hilo ndilo jambo linalohitaji kuonwa kwa macho. Wanafunzi wajenge kilima cha mchanga na udongo katika beseni lililoinamishwa, wachimbe shimo dogo karibu na kilele, watie humo kitambaa kilicholowa wino, wafukie, kisha wanyunyize maji polepole kwa mkebe uliotobolewa. Watazame chini ya kilima. Wino hautoki mara moja, na kule kungoja ni sehemu ya somo. Kisha wapime kwa hatua zao meta 50, ambazo ni umbali mdogo kabisa unaoshauriwa kati ya shimo la taka na chanzo cha maji, wasimame wote wawili wawili mwanzo na mwisho wake. Watashangaa kuona ilivyo fupi.

Jambo la tanuri la kuchomea litaulizwa. Moto wa nyasi katika shimo hauui vijidudu vyote na huiacha sindano ikiwa sindano. Tanuri la matofali lililojengwa vizuri hufika joto kubwa zaidi, lakini plastiki za aina fulani hutoa moshi wa sumu hata humo, kwa hiyo likae mbali na madarasa na upande ambao upepo hauvumi kuelekea shuleni. Kipimajoto na betri visiingizwe tanurini kamwe.

Mwisho mwalimu aeleze njia ya halali ya kukiondoa kifaa. Kifaa cha serikali, hata kikiwa kimeliwa na kutu, kimo katika daftari la mali, wala hakitoki kwa neno la mtu mmoja. Sharti kikaguliwe, kithibitishwe kuwa hakifai, na kibali kitolewe kabla hakijauzwa, kugawiwa au kuharibiwa. Ndiyo sababu vyumba vya nyuma hujaa. Wako wasemao kwamba huo ni urasimu tu. Sisi twaona kwamba daftari hilo, likitumiwa, ndilo linalozuia mashine ya presha isiuzwe usiku. Tatizo ni wakaguzi kuchelewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki za mwaka 2021, zinataka taka hizo zikabidhiwe kwa wenye leseni. Shule itakayo kitanda au mizani imwandikie mganga mfawidhi wa kituo barua yenye sahihi ya mwalimu mkuu, ikitaja kitu chenyewe na kazi kitakayofanya. Kuandika barua hiyo ni zoezi zuri la Kiswahili kwa darasa zima, na iliyo bora ipelekwe kweli.

Mwanafunzi mwenye bidii huenda akauliza ni nani huzitengeneza mashine hizo. Atajwe fundi wa vifaa tiba, na vyuo vinavyomfundisha, vikiwamo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha. Mtoto wa Rulenge hawezi kutamani kazi asiyojua kuwa ipo.

Katika kupima, maswali ya kutaja majina ya sumu hayana faida kubwa. Sisi tulipendelea swali moja: "Kaka yako hununua chuma chakavu kwa baiskeli. Ameleta nyumbani kisanduku kidogo kilicho kizito kuliko ukubwa wake, nacho kimefungwa. Mwambie la kufanya." Jibu lililotimia litasema kisifunguliwe wala kupigwa nyundo, kisilazwe chumbani, watu na mifugo wakae mbali, mahali pake pawekewe alama, wote waliokishika wanawe mikono, mtendaji wa kijiji na bwana afya waitwe waje, badala ya kisanduku kupelekwa kwao. Majibu mazuri mawili au matatu yaandikwe ubaoni, na ubao usifutwe jioni ile, kwani wapo watakaotaka kuyanakili kwa ajili ya mtu wa nyumbani.